Ndizi Zilizosingiziwa Mionzi

Mwalimu mmoja wa fizikia aliniletea katika kibanda changu cha Luthuli Avenue, Nairobi, kisanduku cha chuma chenye mshikio juu na mshale mbele, akanieleza kwamba ni kifaa cha zamani cha kupimia mionzi na kwamba kimekataa kuwaka. Mimi ni fundi wa redio na amplifaya, lakini fundi akishasema "niachie nikiangalie" mbele ya mteja, hana tena pa kurudi.

Ndani nilikuta betri nne kubwa za tochi zimevuja hadi springi zimeota unga wa kijani. Ubao wa saketi wenyewe ulikuwa salama: transista chache, kapasita, na transfoma ndogo kama kidole gumba, ambayo kazi yake ni kusaidia kupandisha volti 6 za betri hadi takribani 900. Mrija wa Geiger, ndio unaonasa mionzi, hauamki kwa chini ya mamia ya volti. Mionzi ikiupenya, gesi iliyomo hupitisha umeme kufumba na kufumbua, na mpigo huo ndio unaosikika kama "tik". Kwamba kapasita huendelea kuzihifadhi volti hizo baada ya kuzima, nilikuwa nimesoma tu. Kidole changu cha shahada kilithibitisha siku hiyo hiyo.

Kwa ubahili, badala ya kununua betri, nilichukua chaja ya volti 6 iliyokuwa imelala dukani nikailehemu. Nilipowasha, kifaa kililia kama mvua ya mawe juu ya mabati, na mshale ukaenda mwisho ukakwama huko.

"Fundi, hicho ni cha nini?" aliuliza mzee wa saa, ambaye tunatumia meza moja.

Nikasema ukweli, tena kwa sauti. Baada ya dakika chache ngazi zilikuwa zimejaa watu wanaoshuka. Nami, nikitaka kuonekana mjuzi, nilikumbuka kwamba ndizi zina potasiamu, na kwamba sehemu ndogo ya potasiamu hutoa mionzi, basi nikalinyoshea kidole beseni la mama wa matunda aliyekuwa mlangoni. Aliliinua akashuka nalo, akinitaja kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Kifaa hakikupunguza hata tik moja.

Ndipo stima ikapotea. Feni ikanyamaza, na kifaa kikanyamaza pamoja nayo.

"Kumbe hii mionzi inatumia tokeni?" mlinzi wa jengo aliuliza kutoka gizani.

Niliona aibu, kwa sababu swali hilo lilikuwa la kifundi kuliko lolote nililojiuliza mimi. Chaja za namna hiyo hukata umeme maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde. Kelele zake zilikuwa zimepenya hadi kwenye saketi ya kuhesabia, na kifaa, kwa uaminifu wake wote, kilizihesabu kama mionzi. Nikanunua betri nne, nikasugua springi kwa siki, nikawasha: tik, kimya, tik.

Mama wa matunda alirudi, nikamlipa shilingi 200 za ndizi zilizopondeka ngazini. Niliyosalia nayo niliisogeza karibu na mrija, na hakuna kilichobadilika. Kisha, kwa kujaribu tu, nikasogeza saa moja kuukuu ya mzee, yenye namba zilizopakwa rangi ya kung'aa gizani, ile ya enzi za radiamu, metali inayotoa mionzi. Kifaa kililia kama mara ya kwanza.

Mzee hakuinua hata macho.

"Fundi," alisema, "chomoa kwanza hiyo chaja yako."