Binti wa shahada juu ya ngazi

Mzee mmoja wa Mpunguzi, jirani wa shamba letu, alinisimamisha mwezi uliopita akiwa na uchungu. "Mwanangu, zabibu zangu za miaka kadhaa zimeishia kwenye ada ya binti pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Ananiambia kasomea mitandao ya kompyuta. Sasa naambiwa na watu wamemwona Nzuguni juu ya ngazi anavuta waya kama fundi umeme. Hiyo shahada ilikuwa ya nini?"

Wazazi wengi hapa Dodoma wanauliza hivyo, na si kwa sababu hawaelewi maisha. Tangu Serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, mji umejaa wizara na taasisi, na kila moja ina watu wake wa TEHAMA. Nafasi ya Afisa TEHAMA Daraja la II inayotangazwa na Sekretarieti ya Ajira inadai shahada, na kwenye usaili wa kuandika hakuna atakayekuuliza umebana vichwa vingapi vya RJ45, vile vya plastiki vya mwisho wa waya wa mtandao. Utaulizwa kugawa anwani za mtandao. Ukipita, una mshahara, bima ya afya na pensheni. Kijana anayelipwa kwa pointi, yaani kwa kila tundu la mtandao analofunga, hana chochote kati ya hivyo. Mwezi pasipo jengo jipya, hakuna pesa. Mzee ana haki ya kuhofu.

Ila anapoiita kazi ile ya mtu aliyeshindwa, hapo nakataa, na nina sababu.

Waya wa kawaida wa mtandao una nyuzi nane ndani, zimesokotwa jozi nne: chungwa, kijani, bluu na kahawia. Kasi ya megabiti 100 kwa sekunde inatumia jozi mbili tu, chungwa na kijani. Kasi ya megabiti 1,000 inazitaka zote nne. Sasa uzi mmoja wa kahawia usipogusa vizuri kichwani, taa ya swichi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi, inaweza kuwaka kama kawaida, kompyuta ikapata anwani yake, kurasa zikafunguka. Kinachotokea ni kwamba vifaa vingi vinashuka vyenyewe hadi 100, kimyakimya. Hakuna kilichokufa, kwa hiyo hakuna anayekitafuta. Watu wanasema tu "mtandao mzito leo", na leo hiyo inageuka miezi.

Nimeliona hilo kwenye ofisi moja upande wa Ihumwa. Walishaongeza kifurushi cha intaneti mara mbili. Walishabadilisha ruta. Pesa yote hiyo ilikuwa inapita kwenye waya mmoja, ule unaounganisha swichi ya chini na ya juu, na waya huo ulikuwa umebanwa vibaya siku jengo linakabidhiwa. Aliyeugundua ni binti huyuhuyu wa Mpunguzi. Alifungua ukurasa wa swichi, akaona mlango mmoja, yaani tundu la kuchomekea waya, unasoma 100 wakati jirani zake wote wanasoma 1,000. Akapanda, akakata kichwa, akazinyoosha nyuzi kwa kidole gumba moja moja, akabana upya. Haikufika robo saa.

Tazama alichotumia pale. Darasa ndilo lililomfundisha kwamba ile 100 ina maana. Ngazi ndiyo iliyomfundisha tatizo linakaa wapi. Mwenye cheti peke yake angeendelea kuchezea mipangilio ya ruta, na fundi asiye na darasa angepima waya kwa macho, akaona taa inawaka, akafunga mfuko wake wa vifaa.

Na hilo la ngazi, darasa haliwezi kulitoa hata likitaka. Wanafunzi wengi wanajifunzia kwenye Packet Tracer, programu inayoigiza mtandao ndani ya kompyuta, ambayo ni nzuri na haina malipo, nami naipenda. Lakini humo ndani waya haubanwi vibaya kamwe. Unabofya, taa inageuka kijani. Hakuna vumbi la Agosti linaloziba feni za swichi. Hakuna mchoro unaosema mita 80 wakati waya, ukishapanda darini, ukazunguka nguzo na kushuka ukutani, umefika 110 na umeshavuka kikomo cha mita 100.

Kwa hiyo kijana aliyemaliza mwaka huu ningemwambia apande ngazi, huku akituma maombi kila tangazo linapotoka na kufanya mazoezi ya kugawa anwani kila jioni. Mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, asiukimbilie kwa mkopo. Ada yake ni dola 300, zaidi ya shilingi laki saba, na cheti chenyewe kinadumu miaka mitatu tu. Kazi ikianza kumlipa, alipie hapo.

Linaloniudhi ni makampuni yanayoigeuza hatua hii kuwa mtaji. Yanamwita mhitimu "wa kujitolea", mwaka unakatika, naye ndiye anayepanda, anayetoboa, anayebana, wakati mteja analipa bei kamili. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, na sheria inamtaka mwajiri achangie. Mtu asiye na mkataba ataandikwa wapi akianguka?

Nilimweleza mzee yote haya, pamoja na habari ya Ihumwa. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea: "Na huo mkanda wa kujifungia kule juu, anao?"

Nilimpigia binti palepale. Hana. Ameambiwa asubiri. Nimemwambia mpaka utakapofika asikubali kupanda juu ya paa, na kesho asubuhi naenda kuonana na msimamizi wake.