Hongera Niliyopewa Bila Kuulizwa Swali

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilipanga foleni kwenye hema la upimaji wa bure hapa Kampala, nikatobolewa kidole, na baada ya dakika chache muuguzi akanionyesha asilimia 5.6 kwenye kimashine chake cha HbA1c, kipimo cha sukari ya muda mrefu. "Hongera, ssebo, sukari yako haina tatizo," aliniambia, huku akimwita anayefuata. Sikuulizwa lolote kuhusu damu yenyewe. Laiti ningeulizwa, ningemweleza kwamba mimi ni mzaliwa wa Lango, kaskazini mwa Uganda, na kwamba nimebeba kinasaba cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi unaozipa chembe nyekundu umbo la mundu, jambo tulilolijua siku mtoto wetu wa kwanza alipopimwa.

Kipimo kile hakipimi sukari inayotembea mwilini asubuhi hiyo, bali himoglobini (protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni) iliyokwisha kushikwa na sukari katika muda wote ambao chembe nyekundu imeishi, yaani siku 120 hivi. Kwa hiyo kinachukulia kwamba himoglobini ya kila mtu ni ya aina moja na kwamba chembe zetu zote hufa kwa umri mmoja. Dhana hiyo huenda inafaa Ulaya. Huku kwetu, uchunguzi wa watoto wachanga uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kinasaba hicho kwa asilimia 13.3 ya watoto nchini, na huko Alebtong, jirani na kijiji cha baba yangu, kwa asilimia 23.9. Wala si habari mpya: watafiti Lehmann na Raper waliandika tangu mwaka 1949 kwamba miongoni mwa Wabaamba, kabila la magharibi mwa Uganda, wenye kinasaba hicho ni karibu nusu ya watu. Miaka zaidi ya sabini imepita, nasi bado tunapimana kana kwamba damu zote zimechotwa kisima kimoja!

Wamarekani weusi waliochunguzwa katika utafiti wa mwaka 2017 walionyesha tatizo hili waziwazi: wenye kinasaba walikuwa na wastani wa HbA1c wa asilimia 5.72 na wasio nacho 6.01, ilhali sukari yao ya kufunga, yaani inayopimwa kabla ya kula chochote, ililingana. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini mpaka wa tahadhari ni 5.7, na aliyeko 5.6 hupewa hongera na kurudi kwenye chapati zake. Upungufu wa madini ya chuma, ambao ni wa kawaida kwa kina mama wetu, huweza kuipandisha tarakimu hiyo hiyo, na malaria inayoua chembe nyekundu huishusha.

Nakiri, bila furaha, kwamba kipimo hiki kina faida yake, kwani hakuna anayeweza kuwaacha waumini mia mbili bila kula hadi saa sita mchana, na kwa walio wengi majibu yake yanatosha. Hata hivyo, swali moja, "Je, unajua hali yako ya selimundu?", halihitaji umeme wala fedha za wafadhili.

Jumanne nilikwenda maabara kabla ya kunywa chai, nikapimwa sukari ya kufunga, ambayo huhesabiwa kwa milimoli kwa lita na si kwa asilimia, ikaja 6.7. Sijafika 7.0 ya kisukari, lakini hongera ile nimeirudisha. Jioni dada yangu alipiga simu kutoka Lira, akasema, "Kaka, hema hilo linakuja kwetu wiki ijayo, niende?" Nilimwambia aende, ila kesho yake aamke mapema, asiguse hata uji, apande boda hadi maabara.