Meza moja, makanisa mengi

Mwaka 1529 huko Marburg, Ujerumani, wanamatengenezo wawili wa kanisa, Luther na Zwingli, waliketi na hoja 15 za imani. Kumi na nne wakakubaliana. Hata ya 15 walikwama penye kipengele kimoja tu: je, mwili na damu ya Kristo vimo kweli katika mkate na divai? Kipengele hicho kiliwatenga Walutheri na Wareformati (Waprotestanti wa mkondo wa Zwingli) mezani pa Bwana sehemu kubwa ya Ulaya hadi Machi 1973, yalipokamilika Mapatano ya Leuenberg, karibu na Basel, Uswisi, ya kushirikiana meza na mimbari. Miaka 444! (Katika Prussia, ufalme wa Kijerumani, waliungana mapema, 1817, lakini pale msukumo ulitoka kwa mfalme.)

Nairudia hesabu hiyo kwa sababu wanaoyabeza Mapatano huiruka. Huuliza: umoja gani huu usio na askofu mmoja wala sinodi (baraza la kanisa) yenye kauli, kila kanisa likishikilia maungamo yake ya kale? Kanisa moja likiamua jambo zito kuhusu ndoa au uchungaji, majirani hupata habari likiwa limekwisha. Si hoja ya kupuuzwa. Walutheri wa Finland walikuwamo katika mazungumzo, na bado wakati ule hawakutia sahihi.

Lakini tazama kilichokubaliwa. Waliotia sahihi walitamka kwamba laana ambazo mababu zao walirushiana katika karne ya 16 haziyagusi tena mafundisho ya mwenzao wa leo. Kwa hiyo mchungaji Mlutheri huhubiri na kuongoza Chakula cha Bwana kwa Wareformati bila kubarikiwa upya kuwa mchungaji. Wavaldo wa Italia, kanisa dogo mno, wanaketi meza ileile na makanisa ya Ujerumani yenye mamilioni ya waumini, wala hawakudaiwa kumezwa.

Tena, 1973 Ulaya ilikuwa imekatwa vipande viwili, Mashariki ya kikomunisti na Magharibi. Miaka minne tu nyuma, makanisa ya Ujerumani Mashariki yalikuwa yamelazimika kuunda shirikisho lao, mbali na ndugu zao wa Magharibi, kwa kuwa chombo kimoja cha kuvuka mpaka hakikuvumilika tena. Wanaotaka umoja wenye makao makuu watuambie ungepita wapi hapo. Mapatano yasiyo na kiti cha enzi yalitiwa sahihi pande zote mbili za ukuta.