Boksi la Sarufi na Boksi la Hadithi

Familia moja ya wamisionari iliyokuwa inarudi Marekani iliacha hapa Mbeya maboksi mawili ya vitabu vya kufundishia watoto nyumbani, na maboksi hayo yamewagawanya wazazi wa mtaani kwetu kuliko uchaguzi wa mwenyekiti. La kwanza ni la sarufi ya Kiingereza: kanuni juu ya ukurasa, mazoezi chini yake, majibu kwenye kitabu cha mwalimu. La pili halimgusishi mtoto sarufi mpaka akaribie miaka 10. Lina hadithi za kusomewa, vifungu vya kunakili na imla fupi, na kazi kubwa ni mtoto kusimulia kwa mdomo alichokisikia.

Wengi wetu hatufundishi nyumbani kutwa nzima. Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe shule ya msingi, na watoto wetu wanakwenda shule. Tunachofanya ni jioni, Jumamosi, na likizo ya Juni, baridi inapowafungia watoto ndani. Lakini swali letu ni lile lile la wanaofundisha kutwa: Kiingereza cha kuandika kianzie wapi?

Mtaani boksi la pili limeshinda, hasa kwa wazazi vijana. La kwanza wanaliita la kukaririsha, wengine wanaliita la kikoloni. Na hoja yao si nyepesi. Njia ya kusimulia ina historia: Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki 1923, aliijengea mfumo mzima, akisema mtoto akisikiliza kitu kizuri mara moja na kukisimulia kwa maneno yake, hapo ndipo anapojifunza kupanga mawazo, na uandishi utafuata. Kwa sisi tuliolelewa na bibi wa "hadithi njoo", hilo halihitaji kuhubiriwa. Tena kizazi changu ni ushahidi dhidi ya upande wa pili. Tuliimba darasani kwamba nomino ni jina la mtu, mahali au kitu, tukaiimba kwa Kiingereza safi, na hakuna aliyeweza kuomba maji ya kunywa kwa lugha hiyo hiyo.

Basi anayetaka boksi la hadithi simwoni mjinga. Ninachokipinga ni jinsi boksi la sarufi lilivyohukumiwa bila kusikilizwa, na hukumu yenyewe imetegemea namba moja.

Namba hiyo ni hasi 0.32. Mwaka 2007 watafiti Steve Graham na Dolores Perin walikusanya tafiti za ufundishaji wa uandishi kwa wanafunzi wa darasa la 4 hadi la 12, wakapima kila mbinu imeinua kiasi gani ubora wa kile mwanafunzi anachoandika. Kufundisha sarufi kwa njia ya kimapokeo kukaangukia chini ya sifuri. Mzazi mmoja alinionyesha kwenye simu yake kama anayeonyesha hati ya nyumba. "Unaona? Hata Wazungu wenyewe wanasema sarufi inaharibu."

Nimekaa na namba hii siku nyingi. Kwanza, katika baadhi ya tafiti hizo sarufi haikuwa ndiyo inayojaribiwa. Lilikuwa kundi la kulinganishia, yaani darasa lililoachwa na mwalimu wake wa kila siku huku darasa la jirani likipewa mbinu mpya yenye maandalizi yote. Pili, kwenye ripoti hiyo hiyo, kuwapa wanafunzi sentensi fupi wakaziunganisha ziwe sentensi moja kulipata chanya 0.50. Kuunganisha sentensi ni nini kama si sarufi inayofanywa kwa mikono badala ya kuimbwa?

La tatu ndilo kubwa. Watoto wale kwa sehemu kubwa walifika darasani Kiingereza kikiwa tayari kinywani. Kumfundisha mtoto wa namna hiyo kwamba "he" hufuatwa na "goes" ni sawa na kumkalisha mtoto wa Mwanjelwa muhula mzima ukimwambia kwamba wingi wa mtoto ni watoto. Anajua. Alijua kabla hajaota meno ya pili. Muda ule angeandika, wewe umemfanya apigie mistari maneno. Insha yake isidumae kwa nini?

Sasa mgeuze awe mgeni anayekuja Iringa kujifunza Kiswahili. Hakuna mwalimu anayemwambia, "Sikiliza hadithi za sungura, ngeli zitakuja zenyewe." Anapewa jedwali la ngeli wiki ya kwanza, anafanya mazoezi, na bado mwezi wa tatu anakuambia "kitabu yangu". Bila jedwali angesema hivyo mpaka anapanda ndege. Kwa Kiingereza, watoto wetu wako upande wa mgeni huyo, hawako upande wa yule mtoto wa Marekani. Na kuhusu wanaojifunza lugha ya pili kuna hesabu nyingine: John Norris na Lourdes Ortega mwaka 2000 walijumlisha tafiti 49, wakaona kuelezwa kanuni waziwazi kunazaa zaidi kuliko kuachiwa uigundue mwenyewe. Nayo ina kasoro zake, nakiri. Wengi waliopimwa walikuwa watu wazima, na vipimo vingi vilikuwa vya majibu mafupi, ambavyo humpendelea anayejua kanuni. Ila angalau inazungumzia watu wanaofanana na wetu.

Watu wa boksi la pili hunijibu kwa mtoto wa Tukuyu: nani alimfundisha kanuni za Kinyakyusa, mbona anakisema? Anakisema kwa sababu amebebwa mgongoni kwa lugha hiyo, amegombezwa kwayo, ameisikia msibani na harusini. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umekirudisha Kiingereza darasa la kwanza kama somo, na ni hatua nzuri, lakini hata hivyo mtoto wa shule ya serikali anakisikia kwa vipindi vichache, kisha kengele inalia na uwanja mzima unarudi kwenye Kiswahili.

Nilishuhudia jambo hili kwa jirani, mama wa Uyole aliyelichukua boksi la pili kwa moyo wote. Binti yake wa darasa la tano alisimama sebuleni akasimulia kisa cha sungura na fisi kwa Kiingereza, karibu dakika tatu, bila kusita. Hilo si dogo. Mimi katika umri ule ningelia. Lakini ndani ya masimulizi yale kulikuwa na "the rabbit who the hyena caught him", kulikuwa na sungura aliyeanza kuwa "he" akaishia "she", na mwisho wake fisi "has tired". Mama akapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Kila kosa pale lina asili yake, na hakuna hata moja la uzembe. Kwa Kiswahili tunasema "sungura ambaye fisi alimkamata", na ile -m- lazima iwepo. Mtoto ameihamisha ilivyo, ikawa "him". "Yeye" wetu hana mume wala mke. "Amechoka" ina -me-, na -me- shuleni huambiwa ni "has", basi fisi naye "has tired", wakati Kiingereza kinataka "is tired". Ongeza "na" yetu, inayobeba nilikwenda na mwalimu, nilipigwa na mwalimu, mimi na mwalimu. Kiingereza kinaigawa mara tatu. Makosa haya hayaondoki kwa kusikia hadithi mia, maana mtoto hayasikii kama makosa. Kwenye sikio lake yamekaa sawa kabisa.

Na mama yake hayasikii pia. Alisoma msingi kwa Kiswahili kama mimi, akaingia kidato cha kwanza akakutana na Kiingereza cha ghafla, akafaulu, ana kazi yake. Simlaumu. Ninachosema ni kwamba boksi la pili lina sarufi yake, ila imefichwa mahali ambapo mnunuzi haoni: kitabu chake cha majibu ni masikio ya mama. Mama aliyekulia kwenye Kiingereza anasikia "caught him", anarudia sentensi vizuri bila hata kuacha kumenya viazi, na mtoto anachukua. Ukiondoa mama yule, umebaki na hadithi nzuri na makosa yanayokomaa. Boksi la kwanza, pamoja na ukavu wake, lina majibu nyuma. Mzazi asiyejiamini anaweza kusahihisha saa mbili usiku, na mwenyewe akajifunza humo humo.

Kilichochekwa zaidi kwenye boksi la kwanza ni michoro ya sentensi, ile iliyoanzishwa na Reed na Kellogg mwaka 1877: mstari wa kulala, kiima kushoto, kiarifu kulia, maneno mengine yananing'inia chini kama nguo kwenye kamba. Wanaocheka wamesahau kwamba sekondari walichanganua sentensi za Kiswahili kwa matawi na jedwali. Nilijaribu mezani na watoto watatu. Nikawaambia wachore "Ananipenda". Wakakwama, neno ni moja. Tukalikata: a, na, ni, penda. Kisha "She loves me", kila kipande kwenye nafasi yake. Mmoja akauliza kama hiyo "s" ya mwisho ndiyo "a" yetu ya mwanzo iliyohamia nyuma. Mwanaisimu angemsahihisha. Mimi nilimwacha, kwa sababu tangu siku ile haisahau.

Mengine hayana uzito. Theluji na sikukuu zao kwenye mifano, unazibadilisha. Tahajia ya Kimarekani ni ya kuangaliwa kidogo, maana shuleni kwetu ni "colour". Anayeona gharama, vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka bure kwenye maktaba mtandao yake, na vinatosha kuwa uti wa mgongo.

Kwangu nimechukua boksi la kwanza, robo saa kwa siku, si zaidi, na kutoka la pili nimeiba imla na vitabu vya hadithi. Kuunganisha sentensi hakumo kwenye boksi lolote, natunga mwenyewe. Jumamosi iliyopita niliwapa hizi: "Mama went to Mwanjelwa. She bought potatoes. The potatoes were small." Wawili waliandika "the potatoes which Mama bought them at Mwanjelwa were small". Wa tatu aliandika hivyo hivyo, akaitazama, akaikata "them" kwa mstari mmoja, akaomba nyingine.