Crisp, Red Rum na fimbo ya Pitman: lawama imemzidi mpanda farasi

Richard Pitman amejilaumu hadharani kwa miaka mingi kwa sababu ya fimbo aliyoinua sekunde chache kabla ya kushinda. Ilikuwa tarehe 31 Machi 1973, mbio za Grand National pale Aintree, Liverpool: kama kilomita 7, viunzi 30, farasi 38. Pitman alikuwa juu ya Crisp, farasi mkubwa aliyetoka Australia, na walipotua baada ya kiunzi cha mwisho walikuwa wametangulia kwa takriban urefu wa farasi 15. Mbele yao zilibaki mita 450 hivi za nyasi tupu. Hapo Crisp akaishiwa. Pitman akampiga kwa mkono wa kulia ili amzindue, farasi akayumba kushoto, na njia pale kwenye kona wanayoiita Elbow inataka uende kulia. Red Rum, aliyepandwa na Brian Fletcher, akampata na kumpita hatua chache kabla ya mstari. Tofauti ilikuwa robo tatu ya urefu wa farasi.

Pitman mwenyewe amesema kosa ni lake: angebaki na mikono yote miwili kwenye hatamu, akamshika farasi asimwachie, huenda angefika. Mtu akishakiri, watu hufunga kesi wakaenda zao. Naona kesi hii ilifungwa mapema mno. Nayasema haya nikiwa Lamu, mji ambao hauna farasi wa kutaja, lakini mashindano ya kupanda mnyama yanajulikana hadi kwa mtoto anayetoka chuoni.

Mbio zetu ni za punda. Zinakimbiwa kwenye barabara ya pwani, mbele ya mji, vijana wakiwa juu ya mgongo mtupu bila tandiko, umati ukibana upande mmoja na bahari ikingoja upande wa pili. Kwa hiyo video ya zile mbio za 1973 inapopita kwenye simu pale Mkunguni, chini ya ngome, wanaoitazama si watazamaji baridi. Wanautazama mkono wa Pitman, wanayatazama masikio ya Crisp, na wanagawanyika.

Walio wakali zaidi kwa Pitman ni wale waliowahi kupanda wenyewe. Hoja yao ni ya mwili, na ni hoja nzito. Mnyama ukimpiga ubavu wa kulia hukimbilia kushoto. Hilo halihitaji kusomewa. Akiwa na nguvu utamrudisha kwa hatamu na goti. Akiwa amechoka hawezi kurudi, kwa sababu miguu yake haimsikilizi hata yeye mwenyewe. Mnyama wa namna hiyo anahitaji mpanda farasi amsaidie kukaa wima na kunyooka. Kuachia hatamu mkono mmoja ili uinue fimbo ni kumwondolea msaada huo wakati anaouhitaji mno, na kumpiga upande unaomtoa njiani ni kumrefushia safari. Ukiitazama video polepole unaliona jambo hilo waziwazi: Crisp hasimami, anapotea njia.

Sina la kupinga hapo. Fimbo ile ilikuwa kosa, na iligharimu. Swali ni iligharimu kiasi gani, na kama hilo ndilo lililompa Red Rum ushindi.

Robo tatu ya urefu wa farasi haifiki mita mbili. Katika mbio za kilomita 7, tofauti ndogo kama hiyo inaruhusu kila kitu kuwa sababu. Kutua vibaya mara moja kungetosha. Pumzi moja zaidi kabla ya kiunzi cha Chair ingetosha. Kwa hiyo anayesema fimbo ndiyo iliyomwangusha Pitman anasema kweli, na anayetaja jambo jingine lolote dogo anasema kweli vilevile. Ukweli wa namna hiyo haumtii mtu hatiani.

Lililokuwa kubwa siku ile ni uzito. Grand National ni mbio ambazo farasi bora hubebeshwa zaidi ili wadogo wapate nafasi. Mpanda farasi na tandiko wakiwa wepesi, huongezwa vipande vya risasi hadi mizani itimie. Crisp alibeba ratili 168, kama kilo 76. Red Rum alibeba ratili 145, chini kidogo ya kilo 66. Yaani Crisp aliruka viunzi 30 akiwa na mzigo wa kilo 10 zaidi, karibu nusu gunia la unga wa kilo 24, kuliko aliyekuwa akimfukuza. Watu wa mbio hizi wana kipimo chao cha siku zote: katika maili tatu, ratili moja ni kama urefu mmoja wa farasi. Ratili 23 ni urefu 23, na maili zilikuwa zaidi ya nne.

Kisha kuna ushahidi ambao nadhani haupewi haki yake. Mwaka huohuo farasi hawa wawili walikutana tena, Doncaster, safari hii kwa uzito sawa. Crisp alishinda kwa urefu 8. Sasa weka mambo mawili pamoja. Kama kwa uzito sawa Crisp anamzidi Red Rum kwa urefu 8, na Aintree alimpa nafuu inayokadiriwa urefu 23 au zaidi, basi kwa hesabu ya makaratasi Crisp alipaswa kushindwa kwa urefu kama 15. Alishindwa kwa robo tatu. Ule urefu 14 uliobaki ulitoka wapi? Ulitoka katika namna Pitman alivyompanda kwa kilomita sita na nusu za kwanza.

Wapo watakaosema hesabu ya Doncaster haihamishiki Aintree. Mbio zilikuwa fupi zaidi, viunzi tofauti, msimu mwingine. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi urefu 14 kwa kiapo. Nasema tu kwamba hesabu yoyote utakayoipiga kwa haki inaonyesha mpanda farasi aliyempa mnyama wake zaidi ya alichostahili kupata, na huyo ndiye tunayemkumbuka kwa kupoteza.

Hoja iliyo kali zaidi dhidi ya Pitman haihusu fimbo kamwe, inahusu mwendo, na ni hoja inayonisumbua. Crisp alikuwa farasi wa masafa mafupi. Mwaka 1971 alishinda Champion Chase ya Cheltenham, mbio za maili mbili, kwa kasi tupu. Farasi wa maili mbili anapelekwa maili nne na zaidi, na uzito wa juu kabisa mgongoni, kisha anaachiwa atangulie peke yake tangu mzunguko wa kwanza hadi wenzake wakawa vitone nyuma. Je, hakukuwa na mahali pa kumpumzisha? Alipoukamilisha mzunguko wa kwanza akiwa mbali hivyo, je, asingeweza kumrudisha kwa hatua mbili tatu, ampe pumzi, halafu aende tena?

Wanaomtetea hujibu kwamba Crisp hakuwa farasi wa kurudishwa. Aliruka vizuri kwa sababu aliachiwa aruke anavyotaka. Ukimvuta hatamu anapigana nawe, na mnyama anayepigana na mkono wako anamaliza nguvu haraka kuliko anayekimbia. Hapa Lamu kila mpanda punda ana punda mmoja wa tabia hiyo anayemkumbuka: ukimzuia anakutupa, ukimwachia anakufikisha. Na tena, mwendo ule ulikuwa na faida yake. Red Rum alipomaliza, saa ilisoma dakika 9 na sekunde 1.9. Rekodi iliyokuwapo tangu miaka ya 1930 ilivunjwa kwa zaidi ya sekunde 18. Crisp naye, huku akiyumba, aliivunja. Farasi aliyeendeshwa vibaya haivunji rekodi ya karibu miaka arobaini akiwa na kilo 76 mgongoni.

Bado nabaki na shaka kidogo juu ya ule mwanzo wa mzunguko wa pili. Kama kuna uamuzi wa Pitman ambao ningependa kuuona ukifanywa tofauti, ni pale. Lakini nikijiuliza alichokijua kwa wakati ule, jibu linabadilika. Alijua farasi wake anaruka kama hajachoka. Alijua walio nyuma wako mbali. Alijua uzito ungemmaliza mwishoni kwa vyovyote, kwa hiyo akiba aliyoihitaji ilikuwa umbali, siyo pumzi. Aliuchukua umbali. Uamuzi hupimwa kwa alichokijua mtu alipouamua, na kwa kipimo hicho naupitisha.

Fletcher naye apewe haki yake. Mkunguni utasikia mtu akimsifu kwa methali ya aliye juu mngoje chini, kana kwamba alikaa nyuma akisubiri tunda lianguke. Hakungoja. Katika mzunguko wa pili, wakati wenzake wote walishakubali kwamba Crisp amekwenda, yeye alimtoa Red Rum kundini na kumfukuza peke yake. Alikuwa hatarini: kama Crisp asingechoka, Fletcher angemchosha farasi wake bure na labda kupoteza hata nafasi ya pili. Ushahidi kwamba aliamua kwa wakati uko kwa aliyekuja wa tatu. L'Escargot, aliyebeba mzigo uleule wa Crisp, alifika urefu 25 nyuma yao. Huyo hakuwa farasi dhaifu. Mwaka 1975 alirudi Aintree na kumshinda Red Rum huyuhuyu. Ukitaka kutafuta nafasi iliyopotezwa mwaka 1973, itafute kwa wapanda farasi wa kundi la nyuma. Waliuona mwanya ukipanuka wakauacha, kila mmoja akitumaini mwingine ataanza. Hawa hawajawahi kuulizwa lolote, kwa kuwa kamera haikuwa kwao.

Yaliyomfika Fletcher baadaye yananiuma zaidi kuliko ya Pitman. Alishinda tena na Red Rum mwaka 1974, safari hii farasi akiwa na zile ratili 168 alizobeba Crisp. Kisha, baada ya mwaka 1975, alisema mbele ya waandishi kwamba farasi hakuwa yule wa zamani. Mwalimu wa farasi, Ginger McCain, akamwondoa. Tommy Stack akapanda mwaka 1976 akawa wa pili, na mwaka 1977 Red Rum akashinda mara ya tatu, jambo ambalo hakuna farasi mwingine aliyelifanya Aintree. McCain alikuwa na haki: maneno ya mpanda farasi yanaweza kumwonea mnyama, na matokeo yalimuunga mkono. Ila Fletcher alisema alichokihisi chini ya miguu yake, na mpanda farasi anayeogopa kusema anachokihisi ni hatari kwa mnyama kuliko anayekosea. Ningemweka.

McCain, kwa njia, alimfundishia Red Rum pwani ya Southport, mchangani, akimwingiza kwenye maji ya bahari kwa ajili ya kwato zilizokuwa na maradhi. Anayewaona punda wa Shela wakitembezwa maji yanapokupwa hatashangaa kwamba iliwafaa.

Inabaki ile fimbo. Tangu mwaka 2023 Uingereza imeweka kikomo cha mapigo 7 katika mbio za viunzi, na anayezidisha kwa manne au zaidi hunyang'anywa ushindi. Ni sheria njema. Walakini isingemgusa Pitman, kwa kuwa inahesabu mapigo, na kosa lake lilikuwa la upande na la wakati. Pigo moja kwa mnyama aliyeishiwa lilitosha kumtoa njiani, na mahakimu wasingekuwa na la kuandika.

Kwa sababu hiyo sidhani Lamu tunahitaji kuiga kuhesabu. Mji huu umekuwa na hospitali ya punda tangu mwaka 1987, na watu wengi wamejifunza kwamba punda wa kazi akitunzwa hufanya kazi miaka mingi zaidi. Anayeshindana Jumamosi ndiye huyohuyo anayebeba mchanga na matumbawe Jumatatu. Waandaaji wa mbio waweke sharti moja jepesi kusimamia: kijana apande na mikono mitupu, kamba tu. Mwenye kujua kumnyoosha punda aliyechoka kwa goti na sauti atajulikana pale karibu na gati, mahali umati unapobana njia na punda anapotaka kugeuka. Asiyejua atapitwa, na hatakuwa na fimbo ya kusingizia.