Aliyeshika Saa na Aliyeshika Kalamu

Ukimtaja John Stephen Akhwari mbele ya mtu yeyote anayefuatilia riadha, atakueleza habari ya goti lililofungwa bendeji. Atakueleza kwamba katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, Oktoba 20, 1968, mkimbiaji huyu wa Mbulu, Tanzania, alianguka karibu na kilomita ya 19 katika msukumano wa kugombea nafasi, akaumia goti na bega, akanyanyuka, akaendelea, na kuingia uwanjani giza likiwa limekwisha kutanda, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza walikuwa 57, naye akawa wa 57 kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Kisha atamalizia kwa lile jibu ambalo dunia nzima imelihifadhi, kwamba nchi yake haikumtuma umbali wa maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma kwenda kuzimaliza.

Sasa muulize mtu huyohuyo Akhwari alifanya nini Edinburgh mwaka 1970. Nimeuliza swali hili mara nyingi, hata Mbulu kwenyewe, na mara nyingi nimejibiwa kwa kimya. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka ule, Ron Hill wa Uingereza alishinda marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 28, mbio ambazo hadi leo zinahesabiwa miongoni mwa bora kabisa za enzi zake, na Akhwari akamaliza wa tano kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Mtu aliyekuwa wa mwisho Mexico alikuwa mmoja wa wakimbiaji hodari wa masafa marefu waliopata kutoka Afrika katika miaka ile. Lakini Edinburgh hakuanguka, hakutokwa damu, na hivyo hapakuwa na kisa cha kumvuta mwenye kamera. Mtu huyu tumemhifadhi kwa jeraha lake, uhodari wake tukauacha ukapotea, na hilo linaniuma kila ninapopita njia ya kwao.

Hoja yangu ni kwamba kuwaenzi wanamichezo wa nyanda zetu za kaskazini hakuwezi kukamilika kwa kuwaita jukwaani na kuwavisha shada. Nishani Mzee Akhwari alitunukiwa na Taifa mwaka 1983, na mwenge wa Olimpiki ya Beijing ulipopita Dar es Salaam Aprili 2008 alikuwa miongoni mwa walioukimbiza. Kwa hayo ninashukuru kwa dhati. Kinachokosekana ni kumbukumbu iliyoandikwa, iliyo wazi kwa kila mtu, inayomweka mwanariadha pamoja na watu wawili ambao bila wao asingejulikana: mwalimu aliyeshika saa pembeni mwa uwanja, na mwandishi au mtangazaji aliyeuchukua ule muda akaupeleka kwa watu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, nasi tumekuwa tukiishi ndani ya methali hiyo kwa zaidi ya miaka 50.

Mali yenyewe ni kubwa kuliko tunavyokumbuka. Mbulu, Karatu na Hanang zilikuwa chini ya Mkoa mmoja wa Arusha mpaka Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002, na kutoka katika wilaya hizo chache, zenye baridi na milima, walitoka watu walioitikisa dunia. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alisimama kwenye mstari wa mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, Februari 2, 1974, akatangulia tangu bastola ilipolia na hakukubali kupitwa mpaka utepe. John Walker alimfukuza mbele ya watu wa kwao mwenyewe asimpate, na Ben Jipcho wa Kenya akawa wa tatu. Muda wa Bayi, dakika 3 na sekunde 32.16, ulikuwa rekodi ya dunia, na ulibaki kuwa rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa miaka 48, hadi ulipovunjwa Birmingham mwaka 2022. Mwaka uliofuata, huko Kingston, Jamaika, alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0 na kuvunja rekodi ya Jim Ryun kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Yapo watoto Karatu leo wanaojua kwa moyo majina ya washambuliaji wote wa timu moja ya Ulaya na hawajapata kuambiwa kwamba mtu wa kijijini kwao aliwahi kushikilia rekodi mbili za dunia kwa wakati mmoja.

Kisha ikaja mwaka 1976. Nchi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na pambano la Bayi na Walker, ambalo ulimwengu wa riadha ulikuwa ukilingoja kwa hamu, halikufanyika. Walker alipata dhahabu yake. Bayi alikubali kupoteza alichokuwa akikitafuta ili ndugu zetu wa kusini waheshimiwe, na mimi ninauhesabu uamuzi ule wa nchi, na uvumilivu wake yeye, kuwa sehemu ya mafanikio yake. Moscow, mwaka 1980, alirudi na fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui wa Mara akapata fedha ya mita 5,000. Hadi Michezo ya Paris ya 2024 medali hizo mbili zimebaki kuwa medali pekee za Tanzania katika Olimpiki.

Gidamis Shahanga wa Hanang naye alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978, na miaka minne baadaye, Brisbane, akachukua dhahabu ya mita 10,000. Ni dhahabu mbili, katika mbio mbili tofauti kabisa. Ninayarudia haya kila ninapopata nafasi, kwa kuwa sijaona ukuta wowote wa hadhara katika mkoa wetu ambako kijana anaweza kuyasoma.

Niliposoma shule ya msingi, mwalimu wetu wa michezo alipima uwanja kwa kamba ya katani, akachora mistari kwa majivu ya jikoni, akatukimbiza asubuhi kabla ya namba. Hakuwa na cheti cha ukocha. Alikuwa na saa moja ya mkononi na daftari gumu lenye jalada jekundu, ambamo aliandika jina la kila mtoto, umbali, muda, na hali ya hewa ya siku hiyo. Kutokana na daftari hilo alichagua waliokwenda UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, ngazi ya wilaya, na wawili kati yao walifika ngazi ya taifa. Miaka kadhaa baada ya kustaafu kwake nilikwenda kulitafuta, nikaambiwa kwamba wakati wa kuhamisha ofisi makaratasi ya zamani yalichomwa moto. Sikuwa na la kusema. Miaka zaidi ya 20 ya asubuhi za mtu mmoja iliteketea katika shimo la taka, na aliyeiteketeza hakuwa na nia mbaya, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kile kilikuwa kitu cha thamani.

Makocha wa namna hii ndio msingi wa kila medali niliyoitaja, nao hawana mahali popote wanapotajwa. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida anayejifua Arusha, aliposhinda marathoni ya ubingwa wa dunia huko Tokyo Septemba 15, 2025, akimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa tofauti ya sekunde 0.03 na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo, nchi nzima ilifurahi, na ilistahili kufurahi. Waulize kumi kati ya walioshangilia jina la mwalimu wake.

Habari ya waandishi inanigusa zaidi, pengine kwa sababu ndiyo inayosahaulika kwa wepesi zaidi. Chama cha Waandishi wa Habari za Michezo Tanzania, TASWA, kwa miaka mingi ndicho kilichokuwa kikiwatunuku wanamichezo bora wa nchi. Waandishi wamewaenzi wanamichezo. Nani amewaenzi waandishi? Mwandishi wa mkoani aliyelipwa kwa habari moja moja, aliyesafiri kwa lori kwenda kuona mbio za nyika na kuandika majina ya watu 20 wa kwanza bila kukosea herufi za Kiiraqw na Kidatoga, ndiye aliyeweka ushahidi ambao leo tunauhitaji. Mtangazaji wa Radio Tanzania aliyesoma matokeo ya Christchurch ndiye aliyemfanya mkulima wa Karatu ajue kwamba jirani yake ni bingwa. Mtangazaji Charles Hilary alipofariki Mei 2025 wengi tuligundua, kwa kuchelewa, jinsi sauti moja inavyoweza kubeba utoto wa kizazi kizima.

Wapo watakaosema kwamba mwandishi hana nafasi katika nyumba ya wanamichezo. Nawaomba wautazame uwanja ambao wanariadha wa Arusha wameufanyia mazoezi kwa miongo mingi. Unaitwa Sheikh Amri Abeid, na mwenye jina hilo alikuwa mshairi wa Kiswahili na mmoja wa mawaziri wa mwanzo wa nchi huru. Wazee wetu hawakuona ajabu kuuita uwanja wa mbio na mpira kwa jina la mtu wa kalamu. Mlango huo ulifunguliwa zamani.

Wengine, na hoja yao ni nzito kuliko hiyo, watasema fedha ziende kwanza kwenye viatu, chakula cha kambini na njia za kukimbilia. Sipingi. Lakini kumbukumbu ninayoiomba haigharimu kama uwanja. Kule Iten, Kenya, Shule ya Sekondari ya St. Patrick's, ambako Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alifika mwaka 1976 kufundisha na baadaye akawalea mabingwa kama Peter Rono na David Rudisha, wahitimu waliotwaa ubingwa mkubwa wamekuwa wakipandiwa miti yenye majina yao. Ni mti na kibao tu. Mtoto anayefagia chini yake anasoma jina, naye kocha yule anajulikana dunia nzima kwa sababu watu walijali kuuliza ni nani aliyekuwa nyuma ya miti hiyo.

Arusha sasa inajengewa uwanja mpya kwa ajili ya AFCON 2027. Ningependa korido moja tu ya uwanja huo itengwe: Akhwari awekwe pale na muda wake wa Edinburgh ukiwa juu ya ule wa Mexico, Bayi na Shahanga wafuate, na kwa kila mmoja liandikwe jina la aliyemfundisha na la aliyeandika habari zake, pamoja na gazeti na tarehe. Kazi ya kuyatafuta majina hayo ianze sasa, wakati wazee wanaoyakumbuka wangali wapo, na ianzie majumbani, kwenye masanduku ya bati yenye magazeti ya zamani na picha zilizokunjwa.

Daftari la mwalimu wetu halitarudi. Tuliokimbia chini ya saa yake na ambao bado tupo Mbulu tumekubaliana kukutana Desemba, shule zikifungwa, kila mmoja aje na majina na nafasi anazozikumbuka, na mmoja wetu amekwisha kununua daftari jipya lenye jalada jekundu.