Shemeji kaenda kuwaona mabosi

Mwaka 2022 shemeji yangu alikuja kukaa kwetu, akaikuta laptop yangu ina Windows, akanicheka weee, akasema lete nikuwekee kitu cha wanaume, akaweka Debian 11, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Ikawaka vizuri, imependeza, ila wifi haionekani kabisa yaani.

Tukachomeka simu kwa USB ili tupate intaneti, akafungua IRC, ile ya kuchati kwa maandishi. Sasa kule kuna chaneli ya #debian, hiyo ni ya sisi wenye shida zetu, na kuna #debian-devel ya wale wanaoitengeneza Debian yenyewe. Nikamwambia shem tuingie hiyo ya kwanza. Akaniangalia kwa huruma: "Shem, ukitaka jambo lako liishe huongei na mlinzi getini, unamuona bosi." Haya.

Akaingia kwa mabosi, akaandika "hello". Kimya. "How are you my brothers". Kimya. Akasema labda wanakula. Wenzetu kule ukipiga hodi ukasubiri karibu utakesha, mtu anamwaga shida yake papo hapo. Kuona hajibiwi akakopi dmesg nzima, ile ripoti ndefu ya kompyuta kuhusu vifaa vyake, akaibandika pale katikati ya maongezi ya watu, mistari inashuka haiishi, mpaka wakamtoa nje. Hapo ndo nikaona kitu cha ajabu, ile programu ya IRC ilichukua jina la yuza wa laptop ikalifanya jina la kuchatia, na yuza ni mimi jamani! Aliyefukuzwa kwa mabosi ni mimi, jina langu na la marehemu baba.

Alivyoenda kuoga nikabadili jina nikaingia #debian kimyakimya. Nikataja toleo, kadi ya wifi ni ya Intel, na ule mstari mmoja wa dmesg unaosema firmware, yaani programu ndogo inayoiendesha kadi, imeshindwa kupakiwa, dmesg yote nikaiweka paste.debian.net, tovuti ya kubandika maandishi marefu, nikatoa linki tu. Chai haijapoa nikajibiwa: ongeza non-free (fungu la programu zisizo huria) kwenye sources.list, ile orodha ya mahali Debian inapochukua programu, weka firmware-iwlwifi, zima uwashe. Kumbe enzi hizo installer ya kawaida, ile ya kuiwekea Debian, ilikuwa haina firmware zisizo huria, walikuja kuziweka kwenye toleo la 12, mwaka 2023.

Wifi ikawaka. Shem katoka bafuni na taulo lake, kaiona alama ya wifi pale juu, kapiga kelele nyumba nzima: "Dada! Dada njoo uone, mabosi wamenijibu!"

Jioni kachinjwa kuku, na mapaja yote mawili kapewa yeye.